Meli Iliyokuja kwa Treni

Liemba ilifika Kigoma kwa treni. Nikiwaambia hivyo rafiki zangu wa Dar es Salaam hucheka, wakidhani nimeanza porojo za watu wa mwisho wa reli. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Meyer kwenye mji wa Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, mafundi waliunda meli ya chuma yenye urefu wa karibu mita 70. Walipohakikisha kila kipande kinakaa mahali pake, waliifungua yote na kuipanga katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapakiwa kwenye mabehewa ya reli ya kati, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani. Huko kando ya Ziwa Tanganyika meli ikaundwa mara ya pili, ribiti kwa ribiti. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Haikuitwa Liemba wakati huo. Nitalifikia hilo jina la kwanza, maana ndilo lililoleta maneno nyumbani kwetu.

Babu yangu alifanya kazi kwenye meli hiyo enzi za mvuke, katika chumba cha mitambo. Aliingia mwaka mmoja kabla ya Uhuru, kijana asiyejua kuogelea, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupaka grisi. Alipokuja kuwa mzee, kazi za juu zaidi alizofanya baadaye hazikumpendeza kuzisimulia kama hiyo ya kwanza. Sisi wajukuu tulikua tukijua kwamba duniani kuna watu wa aina mbili, wanaojua kupaka grisi na wanaochafua tu mikono. Ukimkuta uani, ukasema "Shikamoo, babu," angejibu "Marahaba, mke wangu, kaa hapa," na kabla chai haijapoa mmeshafika kwenye grisi ya Wajerumani.

Grisi ya Wajerumani ni kisa cha kweli, na ni kisa kizuri. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika kwenye ziwa hili, meli ilifungwa mzinga. Mzinga wenyewe ulikuwa umetoka kwenye manowari Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake kutoka kwenye matope, wakaiburuza nchi nzima. (Mmojawapo uko Fort Jesus, Mombasa, na watalii hupiga nao picha.) Lakini katikati ya 1916 Wabelgiji walikuwa wakishuka kutoka kaskazini kwa miguu, huku ndege zao za majini zikidondosha mabomu Kigoma. Reli ilikuwa karibu kukatwa. Amri ikatoka kwamba meli izamishwe ili isiangukie mikononi mwa adui.

Mafundi watatu waliokuja nayo kutoka Papenburg walikuwa Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Waliitii amri, ila kwa namna yao. Walizipaka injini grisi nzito kila mahali, wakaijaza meli mchanga, wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi tarehe 26 Julai 1916, kwenye kina cha mita kama 20. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma.

Babu alikuwa akifika hapa, anasimama. Alisimama kweli, hata alipokuwa anatembelea fimbo. "Mtu hapaki grisi kitu anachokitupa," alisema. Kisha alihesabu kwa vidole: 1916 hadi 1924, miaka minane kasoro miezi. Wabelgiji waliiinua, wakaivuta hadi Kigoma, na mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Ilipofika zamu ya Waingereza, wazamiaji na mafundi wa jeshi lao la majini waliiinua tarehe 16 Machi 1924. Walipoikagua wakakuta injini bado zinafaa. Ikatengenezwa, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini mwa ziwa alipofika huko mwaka 1867.

Zipo meli nyingine zilizosafiri nchi kavu kabla hazijaona maji yao. Yavari iliundwa Uingereza mwaka 1862, vipande vyake vikapandishwa milima ya Andes kwa nyumbu hadi Ziwa Titicaca, huko Peru. Chauncy Maples ilitoka Uskoti kwa vipande, ikashushwa Ziwa Nyasa mwaka 1901. Hata hapahapa Tanganyika, mwaka 1915, Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa treni, kisha zikaburuzwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, maksai na watu. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alipenda kuvaa sketi aliyoshonewa na mkewe, na wenyeji wakambandika jina la Bwana Kifunga-tumbo. Boti zake ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani Desemba 1915, zikaizamisha Hedwig von Wissmann Februari iliyofuata. Ila ile kubwa, ya masanduku, alipoiona kwa mbali hakuifuata. Vitabu vimeandikwa kuhusu huyu bwana, na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, iliyotengenezewa filamu ya The African Queen, ilichota humo. Mimi nikisoma vitabu hivyo huwa najikuta nawatafuta wale waliovuta kamba. Barabara ya kupitishia boti ilikatwa porini kwa mapanga na majembe, kwenye joto, na watu wengi sana. Hutakuta majina yao.

Vivyo hivyo Kigoma. Mafundi watatu wa Papenburg tunawajua kwa majina, na ni haki yao. Walifanya kazi pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika ambao ndio waliobeba mabamba, wakapuliza moto wa ribiti, wakapiga nyundo. Meli ya mita 70 haiungwi na watu watatu. Nilipoanza kusoma historia chuo kikuu nilidhani nitayakuta majina hayo mahali fulani, labda kwenye daftari la mishahara. Nilipomuuliza babu, alinitajia wazee wawili wa Ujiji waliokuwa wakijisifu kwamba baba zao walipiga nyundo kwenye ile meli. Kwa hiyo nina majina mawili, kwa neno la mzee mmoja, na siyaandiki hapa kwa sababu watoto wao wapo na sijawaomba ruhusa.

Sasa jina. Meli iliitwa Graf von Götzen, kwa heshima ya Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906. Vitabu vya meli humtaja kama mpelelezi aliyevuka bara kutoka Pangani mwaka 1893 akapita Rwanda hadi mdomo wa mto Kongo, kisha vinaendelea na urefu wa meli na nguvu za injini. Lakini ukiitazama miaka ya ugavana wake, utaona Maji Maji. Vita ilianza Julai 1905 yeye akiwa Dar es Salaam. Majeshi yake yalipoona hayawezi kuwamaliza wapiganaji msituni, yakaanza kuchoma vijiji, maghala na mashamba. Njaa ndiyo iliyoua zaidi ya risasi. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 na kufika 300,000. Songea, tarehe 27 Februari 1906, walinyongwa machifu na wapiganaji wa Kingoni, na hadi leo tarehe hiyo inaadhimishwa kila mwaka pale mjini.

Bibi yangu ni Mngoni. Alizaliwa karibu na Peramiho, akaja Kigoma kama muuguzi msaidizi, akaolewa na Muha mwenye mikono ya grisi. Kwa hiyo mwaka 2013, nilipokuwa likizo ya mwaka wa tatu, nikiwa na kitabu cha maktaba kwenye begi, nilikaa nao uani jioni moja nikawasomea, huku nikitafsiri. Babu alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Meli haikuchagua jina." Nikamwambia ni kweli haikuchagua, lakini walioichagulia walijua wanachofanya. Njaa ile haijafikisha hata miaka kumi, watu kusini hawajamaliza kurudi mashambani, na tayari anapewa meli kubwa kuliko zote ziwani. Babu akasema jina lilifutwa tangu 1927, na kwamba yeye hajawahi kumpakia grisi gavana. Sauti yake ilikuwa imepanda. Tukanyamaza.

Bibi alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa. Alisema bibi yake mwenyewe aliwasimulia jinsi walivyokula mizizi, na kwamba kuna mtoto aliyeachwa njiani. Mtoto huyo alikuwa na jina, na bibi akalitaja. Halafu akasema, "Kumbe njaa ile ilipewa meli." Akaendelea na mchele wake.

Hatukulimaliza lile jambo. Kwetu mambo makubwa huwa hayamalizwi, hufunikwa kama chungu na kila mtu anajua kilipo. Nililoliona ni kwamba babu aliacha kusimama kwenye kile kisa cha grisi. Alikisimulia bado, akiwa amekaa. Na sioni kwamba nilipaswa kunyamaza. Kisa cha mafundi watatu wenye upendo kwa kazi yao ni cha kweli, na kisa cha gavana ni cha kweli, na chuma ni kilekile.

Ninaifahamu meli yenyewe zaidi kwa pua na masikio kuliko kwa vitabu. Nilisafiri nayo mwaka 2012, kutoka Kigoma hadi Kirando, na mama mdogo, mdogo wake mama, aliyeolewa huko mwambao wa Ufipa na anafanya biashara ya dagaa. Iliondoka Kigoma Jumatano alasiri, na kwa kuwa Ziwa Tanganyika ni refu, zaidi ya kilomita 600, meli ilikuwa ikifuata pwani ya mashariki siku mbili na zaidi hadi Mpulungu, Zambia. Kwa sehemu kubwa ya mwambao huo, wakati ule, hapakuwa na gati. Meli inazima mwendo katikati ya maji, inapiga honi, na kutoka gizani zinatokea boti za mbao, kumi, kumi na tano, zikigombania kufika ubavuni. Kuna mlango chini kwenye ubavu wa meli. Hapo ndipo maisha yote yanapopita kwa dakika arobaini: magunia ya dagaa, mananasi, magodoro, jogoo, mashine ya kusaga iliyofunguliwa vipande, bibi kizee anayebebwa kama harusi. Watoto wanapitishwa mkono kwa mkono juu ya maji meusi na hawalii. Wanalia baadaye, wakishafika kwa mama zao. Wapakiaji wanatukanana kwa Kiha, Kifipa, Kitongwe na Kiswahili cha Kongo, na juu ya sitaha mzungu mmoja alikuwa anapiga picha kwa taa kali hadi mama mdogo akamwambia, kwa upole, "Baba, unawapofusha wanaoshika watoto." Akazima.

Mama mdogo hajui kwamba meli hiyo ni ya kihistoria, au tuseme anajua na haimsaidii. Anachojua ni kwamba gunia likikaa siku tatu ufukweni bila kupata chombo, unyevu unaliingia na bei inashuka. Anajua bei ya kila bandari. Anajua pia ni sehemu gani ya sitaha ya daraja la tatu haipigwi na mawimbi usiku, na alinilaza hapo, yeye akakaa juu ya magunia.

Mara mbili katika maisha yangu Liemba imefanya kazi nyingine. Ya kwanza naikumbuka kidogo sana, nilikuwa na miaka mitano. Mwaka 1997, vita ya kwanza ya Kongo ilipokwisha na Mobutu ameondoka, Umoja wa Mataifa uliikodisha kuwarudisha wakimbizi waliokuwa wamekimbilia upande wetu. Kwa miezi mitano ilirudisha watu zaidi ya 75,000. Jirani yetu, familia kutoka Uvira, walikuwemo. Binti yao alikuwa rika langu na alikuwa ameniachia sufuria ya kuchezea bila mfuniko, akisema mfuniko atakuja nao. Mama aliitumia sufuria ile kupimia chumvi kwa miaka mingi.

Ya pili ninaikumbuka vizuri mno. Aprili na Mei 2015, Burundi ilipochafuka baada ya Rais Nkurunziza kutaka kugombea tena, maelfu kwa maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji chetu cha mpakani. Kagunga ni ufukwe mwembamba wenye mlima mkali mgongoni, na hapakuwa na barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia. Njia ya kuwatoa ilikuwa maji, na chombo kikubwa kilichokuwepo kilikuwa na miaka 100 kamili. Liemba ilikwenda na kurudi, ikibeba watu kama 600 kwa safari, na Kigoma walipokelewa kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambini Nyarugusu.

Nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, na ninajua Kiha. Kiha na Kirundi ni ndugu, ukiongea taratibu mnaelewana. Nikajitolea kutafsiri. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: jina, unatoka tarafa gani, una watoto wangapi, nani anaharisha. Mwanamke mmoja, aliyekuwa na watoto watatu waliofungwa pamoja kwa kanga ili wasipotee, alijibu maswali yote kisha akaniuliza lake. Je, meli inarudi Kagunga usiku huu? Mumewe alibaki kwenye foleni, waliambiwa wanawake na watoto kwanza. Nikamwambia inarudi. Akauliza, ina nguvu ya kurudi? Alikuwa ameisikia injini usiku kucha chini ya mgongo wake na ilimtia shaka. Nikamwambia ilishazama mara mbili na ikaamka. Nilisema kwa Kiha na sijui alinielewaje, kwa sababu alinitazama kwa hofu kubwa zaidi. Meli ilirudi Kagunga alfajiri. Kama mumewe alikuwemo kwenye safari iliyofuata siwezi kusema, siku ile walishuka mamia na zamu yangu ilikuwa imekwisha.

Mwaka 2018 meli ilisimamishwa kwa ajili ya matengenezo. Mwaka mmoja baadaye babu alifariki. Nilikwenda Kigoma tena mwaka 2021 na kuikuta bado imesimama bandarini, rangi imebabuka, ndege wamekaa kwenye waya. Baada ya hapo yakatangazwa matengenezo makubwa. Huo ndio wakati niliposikia, zaidi kwa wenzangu tuliosoma nao historia, hoja kwamba ipumzishwe. Iwekwe nchi kavu, iwe makumbusho. Watu walipe kiingilio, waone ribiti za 1915, wasome ubao kuhusu vita. Ni hoja ya watu wenye akili na siwezi kuibeza. Meli ya zaidi ya miaka 100 inayobeba abiria haipo nyingi duniani, na chuma kina mwisho. Sisi Watanzania hatuhitaji kufundishwa bei ya chombo kibovu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 800. Nyumbani kwetu redio ilikuwa wazi siku tatu, na babu alikuwa akiuliza swali lilelile moja: mizigo ilipangwaje?

Lakini nikiwaza makumbusho namkumbuka Vasa. Ni manowari ya mfalme wa Uswidi, iliyopinduka bandarini Stockholm tarehe 10 Agosti 1628 siku ya safari yake ya kwanza, ikiwa haijasafiri hata mita 1,500. Ililala matopeni miaka 333. Ilipoinuliwa mwaka 1961 mbao zake zilinyunyiziwa dawa kwa miaka 17 ili zisipasuke, na sasa ina jumba lake, hewa yake ya kupimwa na wataalamu wake. Nimetazama picha zake kwa masaa. Ni nzuri kuliko chombo chochote nilichowahi kuona, na hakuna mtu aliyewahi kufikishwa mahali popote nayo. Makumbusho yanaifaa kwa sababu haina kazi nyingine. Hakuna anayeisubiri ufukweni na gunia.

Liemba iliposimama, mama mdogo alianza kupanda boti za mbao zenye injini ya kupachika nyuma. Nilisafiri nazo mara moja, mwaka huo wa 2021, kwa kuwa alisema nisipoona sitaelewa. Tulitoka Kirando saa nane usiku kuelekea kaskazini, watu arobaini na kitu, magunia katikati, mafuta ya petroli kwenye madumu karibu na mtu anayevuta sigara. Ilikuwa Julai, kipindi ambacho upepo wa kusini hupiga ziwa lote kwa urefu wake. Karibu na alfajiri mawimbi yalianza kuingia ndani. Nahodha, kijana wa miaka ishirini na kidogo, hakusema kitu, alitoa tu vikopo na kila aliyekuwa karibu na maji akaanza kuyakumba. Mwanamke mmoja alianza kusali Rozari kwa sauti, na mzee wa Kiislamu pembeni yake akawa anaitikia "amina" mahali ambapo hapakuwa pake. Mama mdogo alinifunga dumu tupu kiunoni kwa kanga. Alifunga fundo mara mbili, akalivuta, akarudi kukumba maji. Hakuwa na dumu la kwake.

Tulifika. Boti iliyotutangulia nayo ilifika, na ilikuwa imetupa magunia ya watu kumi na moja.

Kwa hiyo nikiulizwa msimamo wangu, ninao, hata kama haunifurahishi pande zote. Ningependa ubao uwekwe, tena mkubwa, mahali ambapo abiria wa daraja la tatu wanapita. Uandikwe Papenburg na masanduku. Uandikwe pia Götzen alikuwa nani kusini, ili mtu wa Songea akipanda ajue amepanda nini na achague mwenyewe la kufikiri. Iandikwe kwamba waliopiga nyundo walikuwa wengi. Na ubao huo uwe kwenye meli inayokwenda. Ikipatikana nyingine mpya ya kufanya kazi hiyo mwambao mzima, kila wiki, kwa nauli ambayo muuza dagaa anaiweza, hapo tuzungumze habari za kiingilio na jumba. Mpangilio uwe huo, meli mpya kwanza.

Bibi bado yupo. Haoni vizuri, na simsomei tena vitabu vya gavana isipokuwa akiniomba. Ameniomba mara moja. Alitaka kujua kama kuna kitabu chenye jina la yule mtoto aliyeachwa njiani. Nikamwambia hakuna. Akaniambia niliandike, basi, kwenye karatasi, na alinisubiri nikiandika. Kisha akanikumbusha kwamba babu alipokuwa safarini alikuwa akirudi ananuka mafuta hadi shuka, na kwamba kwa miaka ya mwanzo hakuweza kulala vizuri bila harufu ile.

Mama mdogo alinipigia simu wiki mbili zilizopita. Alianza na salamu ndefu, wazee, watoto, kazi, afya ya miguu ya bibi. Halafu akafika alipokuwa anakwenda.

"Mwanangu, wewe uliyesoma, na uko huko Dar. Tarehe wameshasema?"

Nikamwambia nimesikia hiki na kile.

"Sijakuuliza ulichosikia. Nina magunia ishirini na mawili hapa, na mvua imeanza."